Ajali Ina Kinga

Kuna methali moja ambayo viongozi wetu huikumbuka haraka kuliko ibara yoyote ya Katiba: ajali haina kinga. Huikumbuka wakiwa wamesimama ufukweni, maiti zimepangwa safu juu ya mchanga, na kamera zimewaelekea. Baada ya methali hutangazwa siku za maombolezo, bendera hupepea nusu mlingoti, tume huundwa na rambirambi huchangwa. Kisha maisha huendelea mpaka chombo kingine kizame.

Sina ugomvi na wahenga. Naamini walilisema neno hilo ili kumfariji aliyefikwa, si kumsafisha aliyezembea. Ugomvi wangu ni na matumizi yake ya leo, na nitaueleza kwa njia ambayo huenda ikamshangaza msomaji aliyezoea kunikuta hapa nikijadili bajeti na chaguzi. Nitaeleza jinsi yoti ya kisasa ya bahari kuu inavyoundwa, na starehe zilizomo ndani yake.

Msomaji asifikirie zile meli za mabilionea zenye viwanja vya helikopta. Nazungumzia chombo cha tanga chenye urefu wa mita 12 hadi 18 hivi, ambacho mume na mke wanaweza kukiendesha wawili peke yao kutoka Ulaya hadi Karibi, wakavuka Pasifiki, wakaja mpaka Bahari ya Hindi. Vyombo vya namna hiyo hutia nanga mbele ya Mji Mkongwe wa Unguja, katika ghuba ya Tanga, na Kilifi, na sisi huvitazama kutoka pwani kama vitu visivyotuhusu.

Niliwahi kuingia ndani ya kimoja. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafanya kazi ya kutembeza wageni, alinikutanisha na Mfaransa mstaafu na mkewe waliokuwa wametia nanga Unguja, wakingoja kusi lipoe ili washuke kuelekea Afrika Kusini. Yoti yao ilikuwa ya aina ya Super Maramu, iliyojengwa na Amel, kiwanda cha La Rochelle, Ufaransa: urefu wa mita 16, milingoti miwili, na pahali pa nahodha pamewekwa katikati ya chombo badala ya tezi. Walitualika chakula cha mchana. Nilikwenda na ami yangu, ambaye ujanani alikuwa nahodha wa jahazi, akipakia karafuu na boriti za mikoko baina ya Pemba, Unguja, Tanga na Mombasa. Nilimchukua kwa sababu mimi najua kusoma ripoti. Yeye anajua kusoma vyombo.

Wenyeji walianza kwa kutuonyesha vile ambavyo wageni wengi hupenda kuviona. Palikuwa na jokofu na friza. Palikuwa na mashine ya kufulia nguo, vyoo viwili, bafu lenye maji ya moto, na chumba cha kulala chenye kitanda kipana kuliko changu. Juu kulikuwa na paneli za sola, na chini ya sakafu betri za lithiamu zilizohifadhi umeme wa mchana kwa matumizi ya usiku. Palikuwa pia na mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa: pampu huyasukuma maji ya chumvi kwa shinikizo kubwa, mara 50 au 60 ya lile la hewa tunayovuta, mpaka yapenye kwenye utando unaozuia chumvi na kuruhusu maji matamu kupita. Mtambo wa kawaida wa yoti kama hiyo hutoa makumi ya lita kwa saa. Nilifikiria vijiji vya visiwani ambako kina mama huamka alfajiri kufuata maji ya kisima yenye chumvi, nikanyamaza.

Ami alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza swali lake la kwanza, nami nikalitafsiri: "Maji yakiingia, yanakusanyika wapi, na yanatolewa na nini?"

Mfaransa alimtazama kwa mshangao, akatabasamu, akapiga magoti na kuinua ubao wa sakafu. Kuanzia hapo ziara ilibadilika sura. Wanaume wawili wenye umri wa kukaribiana, ambao hawakuwa na lugha moja, walizunguka chombo kizima wakionyeshana mambo kwa vidole, na mimi nikawa mkalimani anayewakimbilia nyuma.

Yule bwana alieleza kwamba mwili wa chombo umegawanywa kwa kuta zisizopitisha maji. Omo ikipasuka kwa kugonga gogo au kontena lililoanguka kutoka melini, maji hubaki katika chumba kile kimoja na chombo kinaendelea kuelea. Matundu ya kuingizia maji ya bahari yamepunguzwa makusudi, kwa sababu kila tundu ni mlango wa kuzama. Maji yanayovuja na hata ya kuogea huelekezwa kwenye shimo moja, ambako pampu hujiwasha yenyewe, na kengele hulia pampu ikizidiwa. Ikiwa umeme umekatika, ipo pampu ya mkono. Ami aliyezoea vijana wafue maji kwa ndoo usiku kucha, jahazi likivuja kwenye maungio ya mbao, aliushika mpini wa pampu ile akaupandisha na kuushusha mara tatu. Hakusema neno.

Jikoni alionyeshwa jiko linaloning'inia juu ya mihimili miwili, ili chombo kikilala upande sufuria ibaki wima na uji wa moto usimwagikie mpishi. Aliona kwamba kila meza ina ukingo ulioinuliwa, kila kona imeviringwa, na hakuna hatua mbili unazoweza kupiga bila kukuta pa kushika. Aliona kitambaa kizito kilichofungwa ubavuni mwa kitanda ili mlalaji asitupwe chini na wimbi. Aliona mtungi wa gesi umewekwa katika kisanduku cha peke yake, kilichozibwa upande wa ndani, na chini yake kuna tundu linalotokea nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya chombo hushuka na kujikusanya sakafuni ikingoja cheche; ikivuja ndani ya kisanduku kile, hutiririka baharini na kupotea. Tundu lenyewe halizidi upana wa kidole gumba.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokuwa nikionyeshwa. Tulizoea kudhani kwamba starehe ni kitu kimoja na usalama ni kingine; kwamba mtu hununua kwanza usalama, kisha akibakiwa na fedha huongeza starehe. Katika chombo kile havikuweza kutenganishwa. Watu wawili wanaovuka bahari kwa wiki tatu hulinda zamu usiku na mchana, saa tatu au nne kwa kila mmoja. Baharia asiyelala, aliyelowa, asiyekula chakula cha moto, hukosea. Huona taa asijue ni ya meli inayokuja au inayokwenda. Husahau kufunga kamba. Kitanda kikavu, sufuria isiyomwagika, na matanga yanayokunjwa kwa kubonyeza kitufe bila mtu kwenda omo gizani, vyote ni vyombo vya kulinda akili ya binadamu isichoke. Starehe ile ni tahadhari iliyovaa nguo nzuri.

Haikuwa hivyo tangu zamani. Mmarekani Joshua Slocum, aliyekuwa wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa tanga, kuanzia 1895 hadi 1898, alisafiri na saa rahisi ya bati kwa kupimia mahali alipo. Mwingereza Robin Knox-Johnston alipoizunguka dunia peke yake bila kutia nanga popote, kuanzia Juni 1968 hadi Aprili 1969, alitumia siku 312 ndani ya chombo kisichofika mita 10, kilichojengwa Mumbai kwa mbao za msaji. Maji yake ya kunywa yaliharibika akawa anakinga mvua. Redio yake ilikufa. Mtambo wa kujiongoza kwa upepo ulivunjika njiani. Chombo hicho kilipewa jina la upepo wa mabaharia wa Ghuba: Suhaili. Msomaji wa pwani atalitambua neno hilo mara moja, maana suheli kwetu ni nyota, na ni upande wa kusini. Kila kitu kilichomharibikia mtu yule, leo kimepata mbadala katika yoti za kisasa. Mabaharia waliorudi walisimulia yaliyowapata, na waundaji wakasikiliza.

Hata msaada wenyewe umeandaliwa kabla ya kuhitajiwa. Karibu na ngazi kulikuwa na kifaa kidogo cha rangi ya kung'aa. Chombo kikizama, kifaa hicho hupiga ishara kwa masafa ya megahezi 406 kwenda kwenye satelaiti, na vituo vya uokozi hupata utambulisho wa chombo na mahali kilipo. Mfumo unaokipokea, Cospas-Sarsat, ulianzishwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Muungano wa Kisovieti wakati wa Vita Baridi. Uokozi wake wa kwanza, Septemba 1982, ulikuwa wa watu walioanguka na ndege huko Kanada, na ishara yao ilinaswa na satelaiti ya Kisovieti. Mataifa yaliyoelekezeana makombora ya nyuklia yaliweza kukubaliana kwamba mtu anayezama atafutwe.

Sisemi kwamba mitambo inatosha. Novemba 2014, yoti ya mashindano iliyojaa zana za kisasa kuliko ile ya Mfaransa ilipanda juu ya miamba ya Cargados Carajos, kaskazini ya Mauritius, usiku, ikiwa inakwenda mbio. Miamba ilikuwamo katika ramani ya elektroniki, lakini haikuonekana wazi mpaka ramani ikuzwe, na haikukuzwa vya kutosha. Watu wote tisa waliokolewa. Mei mwaka huohuo, katika Atlantiki, yoti ya Kiingereza yenye jina la Kiswahili, Cheeki Rafiki, ilikatikiwa na mkuku wake ikapinduka, na watu wanne wakapotea. Ilipopatikana, chelezo cha kuokolea kilikuwa bado mahali pake; hawakupata muda wa kukitoa. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba huenda kugonga chini kwa nyakati zilizopita, na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha pale mkuku ulipoungana na mwili. Ripoti hiyo iko wazi kwa yeyote, na ndani yake utaona taifa likijiuliza kuhusu bolti moja moja kwa ajili ya watu wanne.

Tulipopanda tena sitahani ami alikaa, akautazama mlingoti kwa muda, kisha akaniambia: "Mwanangu, aliyekiunda chombo hiki anaiogopa bahari."

Nilimwuliza kama nitafsiri. Akasema, "Mwambie. Ni sifa hiyo."

Sasa lazima niseme ambalo ami hakulisema siku ile. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, siku chache baada ya sikukuu ya Idi, ikiwa imebeba watu wengi mno kuliko iliyoruhusiwa. Zaidi ya watu 200 walizikwa. Wengine, ambao ni wengi zaidi, hawakuonekana tena. Mjukuu wa ami, binti wa miaka 19 aliyekuwa akirudi nyumbani, yumo katika hao wa pili. Hana kaburi. Kwa hiyo mzee alipouliza maji yanatokea wapi, hakuwa akiuliza kwa udadisi wa mtalii.

Hatukuwa tumemaliza kulia mwaka uliofuata, Julai 18, 2012, MV Skagit ilipozama karibu na Chumbe. Chombo hicho kilijengwa 1989 kwa ajili ya kusafirisha abiria katika maji ya ndani ya Puget Sound, Marekani, maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Kilinunuliwa, kikaletwa, kikatiwa katika mkondo wetu mwezi wa kusi kali. Linganisha na yoti ya watu wawili. Katika Umoja wa Ulaya, chombo cha starehe hakiuzwi mpaka kipewe daraja la bahari kinayoimudu, na daraja A ni la vyombo vinavyoweza kukabili upepo unaozidi nguvu ya 8 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi ya zaidi ya mita 4. Mstaafu anayekwenda kuvua samaki Jumapili anaambiwa kwa maandishi chombo chake kisipite wapi. Abiria wetu wa Malindi aliambiwa na nani?

Na bara hawakusalimika. MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia. MV Nyerere, iliyokuwa na idhini ya kubeba watu 101, ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na waliokufa walizidi 220. Idadi ya maiti iliizidi idadi ya viti maradufu. Mtu mmoja alipatikana hai baada ya siku mbili, ndani ya mfuko wa hewa uliobaki katika mwili wa kivuko kilichopinduka. Hewa ile haikuwekwa pale na mtu yeyote. Ilibaki kwa bahati. Katika yoti, bahati ya namna hiyo huchorwa kwenye karatasi kabla ubao wa kwanza haujakatwa.

Najua jibu linalonisubiri: yoti ni ya matajiri, mpya ya ukubwa ule inaweza kuzidi dola milioni moja, nchi maskini haiwezi. Jibu hilo lina ukweli kwa friza na mashine ya kufulia. Halina ukweli kwa yale yaliyomgusa ami. Tundu la kutolea gesi ni upana wa kidole gumba. Ukingo wa meza ni ubao. Kabla hatujala, mke wa Mfaransa alitusimamisha, akatuonyesha majaketi ya kuokolea yalipo, akamvisha ami moja ili ahakikishe anajua kulifunga, kisha akatuhesabu: wanne. Wanapoanza safari humwachia ndugu yao huko Ufaransa karatasi yenye majina ya waliomo, njia watakayopita, na siku ambayo wasipoonekana atoe taarifa. Karatasi na kalamu. Katika ajali zetu zote nilizozitaja, jambo la kwanza lililoshindikana lilikuwa kujua ni wangapi walikuwamo.

Katika safari zangu za usiku kwenda Pemba nikiwa mwanafunzi, nilisafiri kwa meli ambayo majaketi yake yalifungwa juu ya dari kwa kamba ya katani, mafundo yamekauka kwa chumvi miaka mingi. Nilimwuliza mhudumu yanafunguliwaje. Akaniambia, "Yamefungwa yasiibiwe." Sikuwa na la kumjibu wakati ule. Leo ninalo: chombo kile kilikuwa kimejiandaa kwa wizi, hakikujiandaa kwa kuzama. Mtu hujiandaa kwa hasara anayoihesabu kuwa hasara. Jaketi lilikuwa katika daftari la mali. Sisi hatukuwamo.

Wala si kweli kwamba hatuna sheria wala taasisi. Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar iliundwa kwa sheria ya 2009, kabla ya Spice Islander. Bara tulikuwa na SUMATRA, na sheria ya 2017 ikaleta TASAC. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotokana na kuzama kwa Titanic mwaka 1912, kwa sehemu kubwa hauzihusu safari za ndani ya nchi, wala hauzihusu yoti za starehe. Yule Mfaransa na feri yetu wako sawa mbele yake: hakuna anayewalazimisha kutoka nje. Tofauti ni kwamba mwenye yoti analala ndani ya chombo chake, na mkewe analala humo. Anayeidhinisha feri huruka kwa ndege.

Hilo ndilo somo la kisiasa ninalolipata katika starehe za yoti. Usalama hufuata mahali ulipo mwili wa mwenye uamuzi. Tukitaka vyombo vya umma viundwe kwa hofu ile ile ambayo ami aliisifu, tuna njia mbili: ama wenye uamuzi wapande tunamopanda, au tuwafanye waogope kitu kingine kinacholingana na kuzama. Mahakama ingeweza kuwa kitu hicho. Orodha ya abiria inayobandikwa gatini ingeweza. Ripoti ya tume inayochapishwa nzima, kwa Kiswahili, na kusomwa vyuoni, ingeweza.

Kwa wanafunzi wangu wa sheria na uhandisi: chagueni ripoti ya ajali moja mwandike juu yake, kabla hamjaandika juu ya nadharia yoyote. Kwa wanaharakati: maandamano ya siku ya arobaini yana heshima yake, lakini madai ya siku ya kawaida, wakati bahari ni shwari na hakuna maiti, ndiyo yanayookoa. Na kwa wewe mtumishi wa umma unayesoma haya ofisini, pengine mkaguzi wa bandari au afisa wa kivuko katika wilaya isiyofika waandishi wa habari: kesho asubuhi simama kwenye ngazi ya kupandia na uhesabu watu. Wakifika idadi iliyoandikwa kwenye cheti, funga lango. Watakutukana, na mwenye chombo atampigia simu mkubwa wako. Iandike saa aliyopiga.